Uzoefu wangu: miaka miwili ya kozi za uzamili wa fizikia

Nimemaliza kozi zote za uzamili wa fizikia, nimevuka mtihani wa kufuzu, na sasa nimebaki na tasnifu. Nilipokuwa nafikiria kuomba nafasi nilimtafuta sana mtu aliyekwisha kupita huko anieleze kulivyo ndani, nikaishia kusoma orodha za kozi ambazo hazikuniambia kitu. Kwa hiyo naandika yale niliyotaka kuyajua wakati ule.

Kozi za lazima kwetu zilikuwa nne, na idara nyingi zina hizohizo: mekanika ya Lagrange na Hamilton (mwendo wa vitu ukielezwa kwa nishati badala ya kani), sumakuumeme, mekanika ya kwanta (fizikia ya atomu na chembe ndogo), na mekanika takwimu (tabia ya chembe nyingi kwa pamoja). Ukiyasoma majina utadhani ni marudio ya shahada ya kwanza. Mimi nilidhani hivyo. Lakini kwenye shahada ya kwanza tulipewa waya ulionyooka, tufe lililo peke yake, chembe iliyofungiwa kisandukuni. Hali zilizochaguliwa ili hesabu zikubali. Huku unapewa umbo linalokataa, na kazi ya kwanza ni kuamua uanzie wapi. Kila kozi ilitoa maswali matano au sita kwa wiki, nasi tulichukua kozi tatu kwa muhula. Seti moja ilinila muda wa saa 10 hadi 15. Piga hesabu uone wiki inakwenda wapi.

Nianze na sumakuumeme, maana ndiyo iliyonibadilisha. Wiki ya nne tulipewa ganda la tufe lililotengenezwa kwa kihami, tupu katikati, limewekwa ndani ya uga wa umeme ulio sawa kila mahali. Tafuta uga nje ya ganda, ndani ya unene wake, na kwenye uwazi wa katikati. Namba zisizojulikana ni nne, na masharti ya mipaka, yaani yale ambayo uga lazima uyatimize kwenye kila uso, ni manne: mawili kwenye uso wa nje, mawili kwenye uso wa ndani. Nilijaza kurasa tano, nikapata jibu refu lenye sehemu juu ya sehemu, nikaenda nalo kwa mhadhiri saa ya mashauriano nikiwa na uhakika kabisa.

Hakuzisoma kurasa zangu. Aliniuliza, "Ganda hili likiwa halipo, uga utakuwaje?" Nikajibu utabaki kama ulivyokuwa. "Basi weka permitiviti ya ganda, ile namba inayoonyesha linavyoitikia uga wa umeme, iwe sawa na ya ombwe, uone jibu lako linasemaje." Nikaweka palepale mezani kwake. Jibu langu likasema uga bado umepinda, umepindwa na ganda ambalo halipo! Akanirudishia karatasi bila kunionyesha kosa liko wapi. Nililitafuta hadi usiku nikalikuta ukurasa wa pili: nilipochukua kinyambuo cha moja chini ya r mraba niliisahau alama ya kutoa.

Nilipolirekebisha nikalijaribu tena kwa njia nyingine. Permitiviti ikikua bila kikomo, uga kwenye uwazi wa katikati unakufa, kama inavyopaswa, kwa sababu ganda linakuwa kama kipitishi na kipitishi huukinga uwazi wake. Uwazi ukipungua hadi sifuri, linabaki tufe lililojaa, na jibu lake tulikwishalijua tangu shahada ya kwanza. Majaribio matatu, na yote yakakubali. Siwezi kueleza vizuri furaha ya usiku ule. Hakuna aliyekuwa amenisahihishia, na bado nilijua kwamba jibu ni sahihi. Tangu hapo sijawahi kukabidhi swali bila kulipitisha kwenye vikomo vyake, na kama ningetakiwa kutaja kitu kimoja tu nilichokipata kwenye kozi hizi zote, ningetaja hicho.

Mekanika ya kwanta ilifundishwa vizuri kuliko zote. Hatukuanza na mawimbi. Tulianza na jaribio la Stern na Gerlach la mwaka 1922: miali ya atomu za fedha inapita kwenye uga sumaku usio sawa, inagawanyika mafungu mawili, na hakuna kitu katikati. Wiki tatu nzima tukawa na matriksi ndogo za mbili kwa mbili tu, tunazungusha spini, ile sifa inayoifanya chembe iwe kama sumaku ndogo, kushoto na kulia. Wenzangu wengine walilalamika kwamba tunachelewa. Mimi naona ndiyo wiki zilizonipa msingi, kwa sababu mambo magumu ya kwanta yote yamo mle, na hesabu ni nyepesi kiasi kwamba huna pa kujifichia. Muhula wa pili tukaingia kwenye atomu ya haidrojeni kwa undani. Unaanza na ile elektronivolti 13.6 ambayo kila mwanafunzi anaijua, kisha unaongeza masahihisho madogo, moja baada ya jingine, hadi unafika mahali ambapo mlinganyo wa Dirac, unaounganisha kwanta na nadharia ya uhusianifu ya Einstein, unadai ngazi mbili fulani zina nishati sawasawa. Mwaka 1947 Lamb na Retherford walipima, wakakuta zinatofautiana kwa takriban megahezi 1,000, nishati ikipimwa kwa masafa. Kozi yetu iliishia hapo. Nilitoka darasani siku ile nikaenda moja kwa moja kujiandikisha kwenye nadharia ya uga wa kwanta, ambayo ndiyo inayoieleza tofauti hiyo.

Kuhusu mekanika ya Lagrange na Hamilton sina mengi. Nadharia ya Emmy Noether ya mwaka 1918, inayoonyesha kwamba kila ulinganifu endelevu una kitu kinachohifadhiwa, ni miongoni mwa vitu vizuri nilivyowahi kufundishwa. Mabadiliko ya kanoni, yaani mbinu za kubadili vigezo bila kuharibu umbo la milinganyo, tuliyahangaikia wiki tano, na kwenye utafiti wangu sijayahitaji bado.

Mekanika takwimu ndiyo iliyoniumiza. Mhadhiri alisoma madaftari yake neno kwa neno, na kazi tulizokabidhi zilirudi baada ya wiki tano, wakati sote tumekwishasahau tulichoandika. Kwa mtu anayejifunza kutokana na makosa yake, wiki tano ni nyingi mno. Tulipeleka malalamiko idarani kwa heshima, mambo yakatengemaa kidogo, lakini muhula ulikuwa umeshaelekea mwisho. Kilichoiokoa kozi hii kwangu ni kazi ya mradi. Tulipewa modeli ya Ising: spini zilizopangwa kwenye gridi, kila moja ikiangalia juu au chini na kuvutana na majirani zake. Ising mwenyewe alionyesha mwaka 1925 kwamba spini zikiwa kwenye mstari mmoja hakuna mpito wa awamu, yaani badiliko la ghafla la hali kama maji yanapoganda. Onsager akalipata jibu kamili la gridi ya vipimo viwili bila uga wa nje mwaka 1944. Sisi tuliandika programu ya kuzigeuza spini kwa bahati nasibu. Unashusha halijoto taratibu, kwenye skrini unaona madoa yanaungana, yanakua, na karibu na 2.27, kwa vizio vya modeli, ghafla gridi inaelemea upande mmoja. Namba hiyo ilikuwa imo kwenye milinganyo ya Onsager niliyoshindwa kuifuata darasani, na sasa naiona inatokea mbele ya macho yangu.

Maabara nayo usiipuuze, hata kama unalenga nadharia. Tulipima muda wa maisha wa myuoni, chembe zinazofanana na elektroni lakini nzito zaidi, zinazotoka angani, ambao ni takriban mikrosekunde 2.2. Sisi tulipata kama 2.1, tena mara kwa mara, na nilikuwa karibu kuandika kwenye ripoti kwamba saa ya kifaa ina hitilafu. Msimamizi wa maabara akatuuliza tumezihesabu myuoni za aina gani. Kumbe zile zenye chaji hasi, zikisimama ndani ya kifaa, baadhi hunaswa na viini vya atomu kabla ya kuoza, kwa hiyo wastani wa zote unashuka kidogo. Kifaa kilikuwa kizima kabisa. Nilikuwa nimekaribia kuitupa fizikia nzuri kwa kudhani ni kosa.

Usijaribu kuyabeba haya peke yako. Sisi tulikuwa wanne, tukikutana kila Jumatano jioni mbele ya ubao, na tulikuwa na sharti moja: huji ubaoni na swali ambalo hujalishughulikia mwenyewe kwanza. Sharti hilo lilitulinda, kwa sababu ni rahisi sana kutikisa kichwa mwenzako anapoeleza, ukaamini umeelewa, halafu ukakaa mbele ya karatasi nyeupe ukaona hakuna kitu.

Mtihani wa kufuzu ulikuwa wa siku mbili. Wengi wetu tulikesha na mambo mazito, na maswali yaliyotuumbua yakawa ya mwaka wa pili wa shahada ya kwanza: lenzi, injini za joto, msuguano. Rudi kwenye hayo mapema.

Kasoro kubwa ya mpango mzima, kwa maoni yangu, ni kwamba miaka miwili unashughulika na maswali ambayo mtu anajua yana jibu. Siku msimamizi wangu wa tasnifu aliponipa la kwangu, nilimuuliza jibu litakuwa refu kiasi gani, naye akasema hajui kama lipo. Nilikaa miezi miwili sijui hata nishike wapi. Idara ingetupa kila mmoja swali dogo la wazi tangu muhula wa kwanza, pengo hilo lingepungua sana. Kama idara yako haikupi, litafute wewe: omba kuhudhuria vikao vya kikundi cha utafiti hata kama huelewi nusu ya yanayosemwa.

Kwa anayeanza muhula ujao, wiki zilizobaki zitumie kwenye aljebra ya matriksi, mfululizo wa Fourier, na kuandika programu katika lugha moja tu unayoiweza vizuri. Na muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili, kabla hujachagua kozi za hiari, kazi zinarudishwa baada ya siku ngapi.