Kichupa cha ugoro cha Kijapani, laka ya kuchonga: uzoefu wangu

Wapenzi wa vitu vya kale, niko Kyoto kimasomo na mwezi uliopita nilijipatia kichupa cha ugoro cha laka nyekundu pale kwenye gulio la hekalu la Toji, lile la kila tarehe 21. Mzee alianzia yeni 45,000, tukavutana weee mpaka 35,000.

Kazi ya mkono aisee sina la kusema. Wazee wawili chini ya msonobari, na nyuma yao nakshi ndogondogo mpaka kwenye mabega ya chupa. Ukimulika tochi ya simu pembeni ya mkato unaona matabaka, nyekundu juu, nyeusi katikati, nyekundu tena, membamba kama kurasa za msahafu. Laka ni utomvu wa mti, unapakwa tabaka moja, linaachwa kwenye kabati lenye unyevunyevu ligande (ndio, inakauka kwa unyevu, sio kwa jua) ndio linapakwa lingine, ni kazi ya miezi kabla hata patasi haijagusa. Feki ni plastiki ya kumimina, kingo zake butu na ubavuni unakuta mshono wa kalibu. Mtu akitaka kuipima kwa sindano ya moto mkatalie, atakuachia kovu bure.

Kitakoni kuna muhuri wa Qianlong, mfalme wa China wa karne ya 18, na muuzaji ndio alikuwa anaukazania kweli, eti kichupa ni cha enzi hizo. Sasa vichupa vya Kijapani vya namna hii vingi ni vya enzi ya Meiji (1868–1912), vilichongwa kuuzwa kwa wageni, Wajapani wenyewe walikuwa watu wa kiko, ugoro wapi na wapi. Nilipomwambia hivyo akacheka, bei ikashuka.

Kilichoniudhi ni kijiko cha kwenye kizibo, ni pembe ya ndovu na hakusema mpaka nilipouliza. Japani ndani ya nchi bado wanaruhusiwa kuziuza, ila mimi narudi Dar, pembe bila kibali uwanja wa ndege ni kesi, tena sio ya kitoto. Nikamwambia akichomoe abaki nacho. Sasa kizibo kinacheza kidogo, nimekizungushia karatasi laini.

Nyota nne kati ya tano. Ukinunua usikiweke dirishani wala karibu na hita, laka ikikauka sana inapasuka, na hapa baridi ikianza hita haizimwi.