Muziki wa Blade Runner: Albamu Ipi Ununue, na Kwa Nini Ukague Maungio Kabla ya Kulipa

Malalamiko ya aina moja yamekuwa yakinifikia kutoka kwa wasomaji wa Tudor, Bamburi, Likoni na hata Mtwapa. Mtu ameagiza albamu ya muziki wa Blade Runner, amelipa kwa M-Pesa, amesubiri wiki kadhaa, na alipoitia kwenye deki akasikia kitu ambacho sicho alichokisikia kwenye filamu. Mmoja amepata okestra badala ya sinthesaiza. Mwingine amepata diski ya kunakiliwa iliyofungwa ndani ya jalada lililochapwa kwa printa ya ofisini. Wengine, na hawa ndio walionisukuma kuandika, wamepata muziki wenyewe hasa, lakini unakatika kila wimbo unapoingia mwingine, na wauzaji wamewaambia kwamba ndivyo ulivyorekodiwa. Sivyo ulivyorekodiwa.

Mkanganyiko huu una chanzo chake. Filamu hiyo ya Ridley Scott ilitoka mwaka 1982, na muziki wake ulitungwa na kupigwa na Vangelis, Mgiriki aliyepata Oscar mwaka huohuo kwa muziki wa Chariots of Fire. Aliufanyia kazi katika studio yake ya Nemo mjini London, mbele ya kinanda cha Yamaha CS-80, akipiga huku picha za filamu zikipita mbele yake. Majina yanayopanda mwishoni mwa filamu yaliwaahidi watazamaji albamu kutoka kampuni ya rekodi ya Polydor, lakini albamu hiyo haikutoka. Wapenzi wa muziki huo walikaa miaka 12, hadi mwaka 1994, ndipo wakaupata rasmi kwa mkono wa mtunzi mwenyewe, na katika muda huo wa kusubiri ndimo zilimozaliwa karibu nakala zote zinazowapoteza wanunuzi hadi leo.

Uzuri wa jalada, uzito wa besi na idadi ya picha ndani ya kijitabu ni mambo ambayo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa, kwa hiyo nayaacha. Ninalotaka ulikague ni maungio, yaani pale wimbo mmoja unapoingia katika unaofuata.

Vangelis hakuipanga albamu ya 1994 kama mkusanyiko wa nyimbo zilizokaa kila moja peke yake. Nyimbo za mwanzo zimeunganishwa, na za mwisho vilevile, kiasi kwamba mwangwi wa mmoja ndio unaoubeba mwanzo wa unaofuata. Main Titles, wimbo wa kwanza, huanza kwa vishindo vizito vya ngoma vilivyoachiana nafasi, kisha sauti ya CS-80 inapanda polepole kama tarumbeta inayovutwa. Baadaye anasikika Harrison Ford, mwigizaji mkuu wa filamu, akiiamuru mashine iikuze picha, na kabla sauti hiyo haijatoka sikioni tayari umeingia wimbo wa pili, Blush Response. Hakuna mahali pa kuvuta pumzi hapo, na mtunzi hakutaka pawepo.

CD halisi husomwa mfululizo, kwa hiyo maungio hayo hubaki salama. Tatizo huanza pale albamu inapogeuzwa kuwa MP3. Kila wimbo huwa faili lake, ugeuzaji wenyewe huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili, na redio nyingi za gari na spika za bei nafuu hulifunga faili moja kabisa kabla ya kufungua jingine. Matokeo yake ni kimya cha ghafla katikati ya mwangwi, kisha muziki unarudi kwa kishindo ambacho hakikutungwa na mtu yeyote. Msikilizaji asiyeijua albamu hudhani ni mtindo wa Vangelis. Nimewasikia watu wenye masikio mazuri sana, waliolelewa katika nyumba za taarabu, wakiukataa muziki huu kwa sababu ya kasoro iliyoletwa na aliyeunakili.

Kupima ni rahisi. Main Titles una dakika 3 na sekunde 42. Mwombe muuzaji ausogeze hadi dakika ya tatu na nusu, kisha aiache deki ivuke yenyewe bila kugusa kitufe. Ukisikia kimya, hata kifupi kiasi gani, rudisha. Kisha igeuze diski: CD iliyochapwa kiwandani ina rangi ya fedha upande wa chini, ilhali iliyonakiliwa kwa kompyuta kwa kawaida huonyesha rangi ya kijani au samawati ukiielekeza kwenye mwanga.

Kwa hiyo ya kwanza kwangu, na sioni haja ya kuficha upendeleo, ni CD ya kampuni ya East West ya mwaka 1994. Nchini Marekani ilitoka kwa nembo ya Atlantic, na muziki ni uleule, lakini mimi nikiona nembo ya East West kwenye rafu ya mitumba siulizi mara mbili. Ina nyimbo 12, chini kidogo ya saa moja. Kuna wanaolalamika kwamba mazungumzo ya filamu yamewekwa juu ya muziki. Mimi naona maneno ya mwigizaji Rutger Hauer ndani ya Tears in Rain yamekaa mahali pake hasa, na kuyaondoa kungeuacha wimbo ule ukiwa na nusu ya uzito wake. Mary Hopkin anaimba bila maneno katika Rachel's Song, wimbo ambao haumo katika filamu, na Dick Morrissey anapuliza saksafoni ya Love Theme. Halafu upo Tales of the Future. Anayeimba pale ni Demis Roussos, aliyezaliwa Alexandria nchini Misri na aliyewahi kuwa bendi moja na Vangelis, Aphrodite's Child. Sauti yake inapanda na kujikunjakunja kwa namna ambayo msikilizaji wa Mombasa, aliyekua akisikia athari za Misri ndani ya taarabu, hahitaji kufafanuliwa. Damask Rose unaufuata ukiwa na harufu ileile ya Mashariki. Hapo pia ni sehemu ya maungio, na nakala mbovu hulipasua hilo pambo lote vipande viwili.

Ya pili ni toleo la CD tatu la mwaka 2007, lililotolewa kuadhimisha miaka 25 ya filamu. Diski ya kwanza ni albamu ileile ya 1994. Ya pili ndiyo yenye thamani, kwa kuwa ina muziki wa filamu uliokuwa haujatolewa rasmi, na kwa mtu anayeijua filamu tukio kwa tukio hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kununua. Ya tatu ni utunzi mpya wa Vangelis uliochochewa na filamu, wala si muziki wa filamu yenyewe. Nimeiweka nafasi ya pili kwa sababu mnunuzi wa mara ya kwanza analipia diski tatu ilhali moja ndiyo atakayoirudia kila siku.

Ya tatu ni Themes ya mwaka 1989, mkusanyiko wa kazi mbalimbali za Vangelis ambamo End Titles na Love Theme zilitolewa rasmi kwa mara ya kwanza, pamoja na Memories of Green uliokuwa umeshatoka kwenye See You Later ya 1980. Hakuna wasiwasi wa maungio hapo, maana kila kipande kinajitegemea. Inamfaa anayetaka kuonja tu.

Santuri naziheshimu, na ile nyekundu ya Audio Fidelity ya mwaka 2013 inapendeza macho. Lakini santuri lazima igeuzwe, na kugeuza ni kukatiza. Isitoshe, joto letu si rafiki yake: ukiisahau garini mchana au ukiiegemeza penye dirisha la magharibi, itapinda, na santuri iliyopinda hainyooki vizuri tena.

Ile ya okestra, ya mwaka 1982, si bandia, na ni haki niseme hivyo. Ilipigwa na New American Orchestra ili kuziba nafasi ya albamu ambayo haikutoka, na jina hilo lipo kwenye jalada kwa anayesoma. Ila vinanda vya Vangelis havimo. Iache, isipokuwa unaitafuta yenyewe.

Kujaziwa flashi kibandani ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ndiyo inayoua maungio kuliko zote. Anayesikiliza mtandaoni aingie kwenye mipangilio ya programu yake na ahakikishe nyimbo zinachezwa bila kuachiana nafasi.

Bei nazo zinaniudhi, na sitaacha kusema. Hapa Kenya bidhaa iliyoagizwa nje hutozwa VAT ya asilimia 16, na hesabu hiyo huingiza pia nauli ya kuileta, kwa hiyo unalipa kodi juu ya safari ya CD kama vile safari nayo ni muziki. Hilo angalau lina risiti. Lisilo na risiti ni muuzaji anayepandisha bei mara tu anaposikia umelitamka jina la Vangelis bila kusita, anayekutumia picha ya jalada iliyochukuliwa mtandaoni badala ya picha ya diski aliyonayo mkononi, na anayeliita “orijino” kila kilichofungwa kwa nailoni. Kabla hujatuma hata shilingi, mwambie akupigie picha tatu: ubavu wa jalada penye nembo, upande wa chini wa diski, na pete ndogo ya ndani yenye maandishi ya kiwanda. Mwenye CD halali hupiga picha hizo papo hapo. Anayekujibu kwamba stoo imefungwa leo, au kwamba diski iko kwa nduguye Nairobi, mwache na pesa zako zibaki kwenye simu yako.