Goti la chuma la binti yangu: miaka mitatu na mguu unaorefushwa bila kisu

Naandika kwa ajili ya mzazi aliyeambiwa wiki hii kwamba mwanawe ana osteosakoma, yaani saratani ya mfupa, na sasa anatakiwa atie saini karatasi ya upasuaji. Mimi nilitafuta maneno ya mama mwenzangu kwa Kiswahili usiku kucha, sikuyapata. Kwetu Unguja, tunaishi Leicester, Uingereza. Binti yangu alikuwa na miaka tisa.

Ilianza na maumivu juu kidogo ya goti la kushoto. Mchana anaruka kamba na wenzake, usiku ananiamsha analia. Daktari wa kwanza alisema ni maumivu ya kukua, na nilipomrudisha akasema vilevile. Mama yangu akanambia kwa simu nimchue kwa mafuta ya nazi, nikamchua. Najuta. Maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, mguu mmoja tu, pahala palepale, yanataka picha ya eksirei. Tulipoipata picha, mambo yalikwenda mbio: MRI (picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku), kipimo cha mapafu, sindano nene ya kuchukua kinyama cha mfupa, na jibu.

Kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, nitaieleza kwa ufupi, maana kila mtoto huipokea kwa namna yake. Dawa zilikuwa tatu: doksorubisini, sisplatini na methotreksati, wiki kumi kabla ya upasuaji na miezi kadhaa baada yake. Methotreksati ni maji ya manjano yanayoingia kwa dripu, kisha analazwa mpaka damu ioneshe dawa imetoka mwilini, huku akipewa dawa nyengine ya kuziokoa seli nzima. Kila akikojoa, mkojo unapimwa kwa kijikaratasi. Soda ya kola ilipigwa marufuku siku hizo kwa sababu inachelewesha dawa kutoka. Hilo jamaa waliokuja kutuzuru hawakulijua, kila mmoja kaja na chupa yake. Sisplatini ilimgusa masikio: hivi sasa mlio mwembamba kama wa kengele ya jiko hausikii. Ombeni kipimo cha masikio kabla ya dozi ya kwanza ili muwe na cha kulinganisha.

Sasa mguu wenyewe. Tulielezwa njia tatu. Ya kwanza, kukata mguu. Ya pili, kukata goti lenye uvimbe na kuupandisha mguu wa chini ukiwa umegeuzwa nyuma, ili kifundo cha mguu kifanye kazi ya goti ndani ya mguu wa bandia. Ukiisikia mara ya kwanza unashtuka, lakini watoto wanaofanyiwa hivyo wanakimbia na kucheza mpira kuliko wenye goti la chuma kama wetu. Ya tatu, kuondoa kipande cha paja pamoja na goti na kuweka kiungo cha chuma ndani. Binti yangu alisikiliza zote, akauliza lipi litamwacha na vidole vyake pahala pake. Tukachagua chuma.

Tatizo la chuma kwa mtoto ni kwamba hakikui. Sehemu ya juu ya goti ndiyo inayourefusha zaidi mfupa wa paja, kiasi cha sentimita moja kwa mwaka, na yeye alikuwa na miaka mingi ya kukua mbele yake. Kwa hiyo aliwekewa kiungo kinachorefuka. Aina hii ilibuniwa Stanmore, kaskazini mwa London, na ya kwanza ilipandikizwa mwaka 2002. Ndani yake mna sumaku ndogo, gia na skrubu. Mguu unapitishwa kwenye mashine ya duara kama pete kubwa. Umeme wa pete unaizungusha sumaku iliyo ndani ya mguu, gia zinapunguza mwendo, skrubu inasukuma. Milimita moja inachukua dakika nne.

Mara ya kwanza nilishika roho mkononi. Kumbe hakuna sindano, hakuna usingizi, hakuna damu. Analala, anasikia mtetemo kwa mbali, anachezea simu yangu. Dakika 16, milimita nne, anashuka kitandani anatembea. Jioni misuli ya nyuma ya paja inamkaza, na siku mbili tatu kunyoosha goti ni kazi. Tumefanya mara saba, jumla milimita 29, na nyonga zake zimelingana. Kwa hilo sina neno ila shukrani.

Upasuaji wa kwanza lakini ulikuwa mzito. Saa sita ndani ya theta, chumba cha upasuaji, wiki mbili hospitali. Siku ya pili tu mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja kumtaka akunje goti, nami nilitaka kumfukuza. Alikuwa sahihi. Kovu likishakaza, goti halikunjiki tena kirahisi, na mazoezi ya nyumbani ndiyo yaliyotufikisha nyuzi 105. Tulifanya asubuhi na usiku, mwaka mzima, na siku za kemo alipokuwa hana nguvu nilimkunja mimi mwenyewe huku tukihesabu pamoja. Kipande kilichokatwa kilipopimwa kilionesha asilimia 94 ya uvimbe imekufa. Wanapenda kuona 90 na zaidi. Nililia pale pale kwenye kiti.

Jambo moja sikuliuliza, na wewe uliulize: maisha yetu ni ya chini. Tunakula mkekani, tunasali sakafuni. Nyuzi 105 hazitoshi kuchuchumaa, na tuliambiwa asipige goti. Anasali kwenye kiti. Tulipokwenda Unguja mwaka jana, choo cha bibi yake ni cha kuchuchumaa, na siku ya kwanza mtoto alijizuia mpaka magharibi kwa aibu ya kusema. Fundi alitengeneza kiti cha mbao chenye tundu kwa siku moja. Ningelijua, ningelipiga simu kabla ya safari.

Mengine: MRI hairuhusiwi kwa sababu ya sumaku, beba barua ya hospitali popote uendako. Uwanja wa ndege mlango unalia, onesha barua hiyo hiyo. Mpira, kuruka na kukimbia mbio hapana. Kuogelea ndiyo, na Unguja bahari ilimrudisha mtoto niliyemjua. Homa yoyote, kidonda chekundu, jino bovu, usingoje kesho, maana vijidudu vikifika kwenye chuma upasuaji unarudi upya. Mapafu yanapigwa picha kila baada ya miezi michache kutazama kama saratani imefika huko, na wiki ile sipiki vizuri.

Sisi hatukulipa chochote, ni huduma ya serikali. Najua familia nyingi za nyumbani zinapelekwa India kwa michango ya ukoo na msikiti. Kwenu nasema: msiulize bei ya upasuaji peke yake. Kuna viungo vinavyorefushwa kwa kuchanja tundu dogo na kuzungusha skrubu kwa ufunguo, bei yake ni ndogo kuliko cha sumaku lakini kila urefu ni safari ya theta. Ulizeni kitarefushwa na nani, wapi, mara ngapi, na nani atalipa tiketi hizo mpaka mtoto amalize kukua. Hesabu hiyo ikae mezani kabla ya saini.

Sasa ana miaka kumi na mbili. Miadi ya mara ya nane ni mwezi ujao, na ameshanambia nisije na kanzu ile ya hospitali, kwa sababu nikiivaa nakuwa na uso wa siku ile ya kwanza.