Ndege ya maboya Ketchikan: uzoefu wangu, pamoja na ile mizani

Nianze na mizani. Ukifika gatini kupanda ndege hizi zinazoruka na kutua majini, hata salamu hazijaisha, dada wa kaunta anakupandisha kwenye mizani na koti lako na begi lako, watu wote wanatazama. Mke wangu alinikazia macho kama vile mizani nimeileta mimi. Namba hazikutajwa kwa sauti, alhamdulillah. Ziliandikwa kwenye karatasi, rubani akatupanga kwa uzito: mimi mbele kando yake, mke wangu nyuma na wazee wawili tuliotoka nao kwenye meli yetu ya kitalii. Mimi ni mtu wa Wete, ndege ndogo za Caravan za Unguja na Pemba nimepanda sana, na kiti cha mbele nimewahi kukikalia. Nikajiona mwenyeji.

Ketchikan iko kusini-mashariki mwa Alaska, mji uliobanwa kati ya mlima na maji kwenye kisiwa cha Revillagigedo. Barabara ya kuufikia kutoka nje haipo. Wakazi ni kama 8,000 tu, lakini meli za kitalii hushusha zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka, na sisi tulikuwa miongoni mwao, tukitokea Seattle. Mlango wa bahari ulio mbele ya mji, Tongass Narrows, ndio njia ya kila kitu: meli, boti za uvuvi, kivuko cha kwenda uwanja wa ndege (uko kisiwa cha pili), na humohumo ndege za maboya zinaruka na kutua.

Ndege yetu ilikuwa Beaver, ya Kanada. Ya kwanza iliruka 1947 na uundaji ukasimama 1967, kwa hiyo niliyoipanda imenizidi umri. Injini yake ina silinda tisa zilizopangwa duara, nguvu za farasi 450. Mdomo wa kujazia oili uko ndani, karibu na miguu ya abiria wa mbele, na harufu yake sikuiacha mpaka jioni. Kabla hatujapanda, rubani alizunguka na pampu ya mkono akifyonza maji yaliyoingia kwenye maboya, chumba kimoja baada ya kingine, sawasawa na mvuvi anayefua maji ngalawani alfajiri. Hapo roho yangu ikatulia kidogo. Mtu anayefua maji chombo chake namwelewa.

Kuruka kwenyewe ni kelele na marasharasha mpaka kioo hakioni kitu, halafu maboya yanapanda juu ya maji, mtikisiko unapungua, na hujui hasa ni wakati gani umeachana na bahari. Tukaelekea mashariki, Misty Fjords, hifadhi ya ghuba nyembamba zilizobanwa na milima. Mawingu yalikuwa chini, nasi tukapita chini yake, milima huku na huku. Wenyeji wana utani wao: usipouona mlima wa Deer, mvua inanyesha, ukiuona, basi inakuja.

Katikati ya mfereji wa Behm kuna jiwe limesimama peke yake majini, kama mita 70 kwenda juu, limeota miti. Ni mabaki ya volkano. Nahodha Vancouver alipita hapo 1793 akaliita New Eddystone, kwa kufanana na mnara wa taa wa kwao Uingereza. Baada yake tukaingia ghuba ya Rudyerd, kuta za mawe zinapanda karibu mita 900 kutoka majini. Maji yalikuwa shwari kama kioo, nikadhani ndiyo raha ya rubani. Kumbe ndiyo taabu yake: maji yakilala hivyo jicho halipimi urefu, haujui umebakiza mita kumi au moja. Alitua akiambaa na ufuko ili miti impe kipimo. Akazima injini. Dakika kumi tukasimama juu ya boya tukisikiliza maporomoko tusiyoyaona. Hapo ndipo pesa yangu ilipokwenda, na siidai.

Wanaotaka kwenda wajue hili: anga ile ina msongamano. Kila tulipopita mahali rubani alitaja redioni tulipo na tunakoelekea, na wenzake vilevile. Mimi peke yangu nilihesabu ndege saba. Tarehe 13 Mei 2019 ndege mbili za watalii ziligongana karibu na hapo, watu sita wakafa, na wachunguzi wa Marekani wakasema marubani kutegemea macho kuonana kuna mipaka yake. Nilimuuliza rubani wetu waziwazi. Hakukasirika. Alinionyesha skrini ndogo inayoonyesha ndege nyingine, kisha akarudi kutazama nje, na muda mwingi alikuwa anatazama nje. Nawe uliza hivyohivyo kabla ya kulipa. Kampuni ikinung'unika, nenda ya jirani, ziko nyingi.

Malalamiko sasa. Tulilipa zaidi ya dola 300 kila mmoja, na hedifoni ya mke wangu ilikuwa imekufa. Safari nzima hakusikia neno la rubani, alikuwa ananipiga bega niongee, na mimi mwenyewe sisikiki. Tuliporudi kaunta tukaomba warudishe japo kidogo. Tukapewa kofia. Kofia moja, tena.

Pia tuliondoka kwa kuchelewa muda wa karibu saa mbili kwa sababu ya mawingu. Kwa hilo siwalaumu hata kidogo, bora nichelewe gatini. Ila meli haimsubiri mtu aliyejikatia tiketi nje yake, kwa hiyo chukua safari ya asubuhi. Sisi tulipanda ngazi ya meli zimebaki dakika ishirini, mke wangu kaivaa ile kofia, hasemi nami.

Nyota nne. Ya tano iko kwenye hedifoni.