Gari Linalosujudu: Uzoefu Wangu na Gari Kuukuu la Kijerumani

Sinunui tena gari la kifahari la Kijerumani lililotumika, na anayefikiria kulinunua ningemwomba asome haya kabla hajatoa hata advansi. Nilinunua lile kubwa na refu, la viti vya ngozi, la aina ambayo enzi zake ilibeba mabosi na mabalozi, na ambayo umri ukishakwenda huuzwa hapa Dar es Salaam kwa bei ya IST, kile kigari kidogo cha Toyota, iliyotunzwa vizuri. Lilikuwa la mtu, namba C, yaani la usajili wa miaka ya nyuma, na siku nilipolipa niliwahurumia wote wenye magari madogo kana kwamba hawajui kupiga hesabu.

Nilipofika nyumbani kwa muuzaji, kule Mbezi, nilikuta gari tayari linaunguruma barazani. Niliweka kiganja juu ya boneti nikahisi joto, nikachukulia kuwa mzee wa watu ameniheshimu kwa kuliandaa mapema, kwa hiyo sikuuliza chochote. Swali moja tu, la kwa nini limewashwa kabla sijafika, lingeniokoa. Magari ya aina hii hayakai juu ya springi za chuma, bali yanabebwa na mito ya mpira inayojazwa upepo na pampu ya umeme, na mpira huo ukizeeka hupasuka kwenye mikunjo, upepo ukavuja usiku kucha, gari likashuka taratibu hadi tairi zikazama ndani ya bodi. Ukiliwasha, pampu hulinyanyua tena, nalo husimama wima mbele ya mteja kama lililotoka kiwandani jana. Pampu yenyewe, kwa kulazimishwa kujaza mto unaovuja, hufanya kazi bila kupumzika mpaka siku moja inaungua.

Sikumbuki kama ilikuwa asubuhi ya tatu au ya nne, ila nakumbuka kwamba mwanangu mdogo ndiye aliyetangulia kutoka nje, akarudi mbio kuniambia, "Baba, gari linasujudu." Nilitoka na kikombe cha chai mkononi. Mbele lilikuwa limelala chini kabisa, nyuma limeinuka, na jirani yangu alikuwa ameegemea geti lake akijifanya anaongea na simu.

Fundi niliyempelekea sina ugomvi naye. Alipulizia maji ya sabuni kwenye mto wa kushoto, tukachutama wote wawili, akanionyesha povu dogo linalotoka kwenye mkunjo, linapasuka, linatoka tena. Aliniambia kwa upole kwamba wa kulia nao umeanza kuchoka, akanishauri nibadilishe yote miwili, au nikubali aing'oe aweke springi za kawaida. Hilo la springi nililikataa, kwa sababu sikununua gari la namna ile ili liende kama kirikuu, kile kigari cha kubebea mizigo.

Kilichonifanya niandike haya ni duka la spea nililoingia Gerezani siku hiyohiyo. Kijana wa pale, ambaye ningeweza kumzaa, hakuniamkia wala hakuinua macho kwenye simu yake. Nilimuuliza bei ya mito miwili, akanitajia shilingi 1,200,000 kwa kila mmoja, tena iliyotumika. Nilipouliza kama kuna punguzo, alicheka, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje, "Mzee, gari hizi si za kubahatisha. Ungechukua IST ukapumzika." Wateja wengine walicheka pamoja naye. Nimewahi kutukanwa na makonda na nimewahi kupigiwa honi na bajaji, lakini neno lile liliniingia kwa sababu lilikuwa la kweli, na mimi sikutaka kulisikia kwa mtu mwenye mafuta ya breki kwenye vidole. Niliondoka bila kununua, nikalipa zaidi kwenye duka la pili kwa sababu tu muuzaji alinipa kiti.

Pampu iliungua baada ya hapo, na sitaki kulieleza hilo.

Basi msimamo wangu ulikuwa ni huo wa mwanzo, nami nilikuwa nimeamua kuuza. Ila lazima niseme na jambo la pili, kwa kuwa nisipolisema nitakuwa nimeandika kwa hasira tu. Baada ya matengenezo nilimpeleka mama mkwe Morogoro. Mwanamke huyu hasinzii ndani ya gari lolote, hushika mshikio wa juu ya mlango na kusali njia nzima. Kabla ya Chalinze alikuwa amelala, na aliamka Mikese akauliza kama tumeshavuka Kibaha. Matuta yale yote hakuyasikia. Mimi mwenyewe, mikono ikiwa kwenye usukani, nilisahau kwa muda kwamba ninalichukia.

Juzi dalali alinipigia kwamba ameniletea mteja, akaongeza kwa kunong'ona kwamba nusu saa kabla hawajafika niliwashe. Sikuliwasha. Mto wa nyuma nao umeanza, hivyo safari hii walilikuta limekaa kitako. Mteja alilizunguka mara mbili, akapitisha kidole kwenye ngozi ya kiti, akauliza bei ya mwisho ni ngapi. Nilimjibu kwamba haliuzwi, na dalali mpaka leo hapokei simu yangu.