Tairi za AT za pickup ya mzigo: nilipenda kashata nikasahau ubavu

Wakuu, hizi tairi nimetembea nazo kilomita elfu 14, sasa ndo naona naweza kusema kitu. Gari ni Land Cruiser pickup ya injini ya 1HZ, ile tunayoita mkonga, kazi yake kutoa mzigo Arusha kupeleka kambi moja kule Ngaresero, Ziwa Natron. Mpaka Mto wa Mbu ni lami, raha tu, ukishaingia njia ya Engaruka ndo unaelewa. Mawe ya volkano makali kama chupa iliyovunjika, afu majivu ya mlima Lengai yamefukia kila kitu, jiwe hulioni mpaka ulisikie.

Seti iliyopita ilikuwa saizi 265/70R16, kashata (yale meno ya tairi) zimetuna, maandishi meupe, muuzaji ananiambia mzee hizi ni AT, all-terrain, za njia zote, hata mtoni unapita. Nikapenda sura. Siku hiyo nina mifuko 22 ya saruji na vijana wawili juu, hata Engaruka hatujafika, pwaa! Nyuma kushoto. Nashuka kuangalia, kashata nzima kabisa, ila ubavu umechanika vidole vinne vinaingia na kitambaa cha ndani kinaonekana, chepesi kama shati la shule. Jeki ikaanza kuzama kwenye majivu, tukang'oa ubao wa bodi tukauweka chini yake, haikutosha, tukashusha saruji mfuko mmoja mmoja juani. Tulivyomaliza kila mtu kageuka kijivu.

Ndo nikaanza kusoma namba, kitu ambacho ningefanya dukani. Ile tairi iliandikwa 112, maana yake kilo 1,120 kwa tairi moja ikiwa na upepo kamili. Sasa chukua uzito wa gari lenyewe nyuma, weka saruji kilo 1,100, weka vijana, gawa kwa mbili, uko karibu na tani kila upande, afu ndo unaangukia kwenye shimo. Kimahesabu ulikuwa bado hujazidisha ila umebakiwa na kitu gani? AT ni jina la kashata tu jamani, kuna AT za gari la kwenda harusini na kuna AT za mzigo na kwa mbali zote zinafanana.

Nilichochukua ni LT235/85R16, namba 120/116, herufi E (daraja la uwezo wa mzigo), wale wa malori wanasema plai 10. Hiyo 120 ni kilo 1,400, na 116 ni ya gari lenye tairi mbilimbili nyuma kwa hiyo mimi hainihusu. Nyembamba kuliko za zamani, jamaa wakanicheka eti nimevalisha gari viatu vya baiskeli, lakini kimo chake ni kilekile cha 7.50R16 zinazokuja na hizi gari, yani spidomita haidanganyi, na rimu zangu za inchi 7 zimezipokea vizuri. Mwenye rimu za zamani za ringi na tyubu asikurupuke, hizi zinataka rimu nzima.

Jina la kampuni sisemi, mtasema nimelipwa. Ubavuni zina alama ya mlima na theluji, sijui itanisaidia nini na Kilimanjaro sipandi na pickup.

Duka la kwanza waliniletea tatu zimeandikwa 3224 na moja 0919. Hizo tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT pale ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo ile moja ilikuwa imezaliwa wiki ya 9 mwaka 2019, bei ileile. Nimemuuliza kijana anasema bosi tairi haiozi. Nikaondoka.

Kwa kazi sina neno. Ubavu una mikwaruzo mingi lakini hakuna uliopasuka, pancha moja tu, msumari, tena mjini! Nikibeba naweka upepo psi 60 nyuma, nikirudi tupu nashusha mpaka 35, kwenye majivu mazito 20 na mwendo wa kobe, kwa hiyo pampu ya kuchomeka kwenye betri nunua siku hiyohiyo. Ubaya upo. Gari tupu linadunda mpaka chai inamwagika, usukani umekuwa mzito kidogo wakati wa kuegesha, na kwenye lami zinavuma, kuanzia 80 redio unaongeza sauti. Mvua ya kwanza kwenye lami pale Makuyuni nilikanyaga breki mkia ukacheza, toka hapo nimekuwa mpole.

Bei imenichoma kwa hiyo nilichukua nne, spea bado ni ile 265 iliyosalimika, ambayo kimo chake ni kifupi karibu sentimita 3. Siwezi kuifunga afu nikaweka fowili (tairi zote nne zivute) kwenye lami, nitaua difu. Mwisho wa mwezi naenda kuchukua ya tano.