Mwaka mmoja na molinillo, upekecho wa chokoleti kutoka Oaxaca, Meksiko

Nimeutumia mwaka mzima, karibu kila Jumamosi asubuhi, kwa hiyo sasa naweza kuusemea. Molinillo ni mti wa kupekechea chokoleti ya moto ya Kimeksiko mpaka itoe povu. Mume wangu, mtu wa Handeni, siku alipouona aliuweka katikati ya viganja, akauzungusha na kusema, "Si upekecho huu!" Na kweli ni upekecho. Tofauti ni kwamba ule wao wa mlenda ni kijiti chenye panda chache, na huu umekerezwa: kichwa kinene chenye mifereji kama boga dogo, mpini mrefu, na katikati pete tatu zinazocheza. Pete hizo hazikuvishwa baadaye. Fundi amezikata humo humo kwenye kipande kimoja cha mti, na mpaka leo nikiziangalia nashangaa mkono uliofanya kazi ile.

Mimi ni mzaliwa wa Kyela, na sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka kwetu. Nimekua nikifyonza ule ute mweupe mtamu wa mbegu mbichi, nikisaidia kuvundika kakao chini ya majani ya migomba mpaka inuke siki, kisha kuianika na kuigeuza juani. Ikikauka inapelekwa ghalani, inasubiri mnada. Hapo ndipo safari yetu na kakao ilipoishia. Chokoleti ya kunywa sikuwahi kuiona kwenye kikombe nyumbani. Nimekuja kuionja Houston, Marekani, ukubwani, jikoni kwa jirani yangu, mama mtu mzima aliyezaliwa Oaxaca. Alivunja kidonge cha chokoleti chenye sukari na mdalasini, akakitumbukiza kwenye maziwa ya moto, akapekecha. Harufu ilipopanda niliiona Kyela nzima mbele yangu, na machozi yalinitoka bila kujizuia.

Wiki hiyo hiyo nikaagiza wangu mtandaoni, na hapo nilikosea. Ulikuja mzuri wa kutazama, una maua mekundu na kijani, unang'aa. Nilipouingiza kwenye maziwa ya moto jiko zima lilinuka vanishi na juu ya povu kukawa na ukungu wa mafuta. Nilimwaga sufuria nzima. Muuzaji alinijibu kwamba ule ni wa mapambo, wakati kwenye tangazo aliuita chombo cha jikoni, na hela yangu hakurudisha. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza: nunua mti mtupu, usiopakwa rangi wala vanishi. Michoro myeusi ya kuunguzwa kwa moto haina neno. Unuse kabla ya kulipa. Ukinuka duka la rangi, uache.

Huu ninaousifu aliniletea jirani alipokwenda kwao, kutoka sokoni Oaxaca, ambako kuna mtaa mzima wa vinu vinavyosaga kakao mbele ya macho yako. Ni mzito kiasi na una kichwa kipana. Uzito huo unasaidia, kwani ule mwepesi unarukaruka ndani ya chombo na viganja vinachoka haraka.

Namna ya kutumia ina ufundi wake. Chombo kiwe kirefu na chembamba, kama jagi, na usikijaze zaidi ya nusu. Mimi nilianza na sufuria pana ya wali, nikarushia ukuta mzima chokoleti. Ipua kwanza motoni. Zamisha kichwa chote, mpini usimame katikati ya viganja, halafu pekecha kwenda na kurudi kama mtu anayetafuta moto kwa vijiti. Dakika ya kwanza unaona mapovu makubwa yanayopasuka. Usikate tamaa hapo. Ikifika ya tatu sauti inabadilika, maji yanaacha kupiga kelele, na pete zinaanza kubeba povu laini, zito, la rangi ya udongo wa mfinyanzi. Vuta kichwa juu kidogo kidogo ili kiingize hewa. Oaxaca wanainywa ya maji au ya maziwa; ya maji inadai subira zaidi, lakini ladha ya kakao inatoka wazi kuliko ya maziwa.

Nina pia kile kimashine cha betri cha kutoa povu la maziwa. Kwa kahawa kinafaa. Kwa chokoleti hii nzito kinazama na kusuasua, na unga wa kakao unabaki umelala chini. Molinillo unaunyanyua wote.

Jirani ndiye aliyenieleza kwamba chombo hiki si cha kale kama chokoleti yenyewe. Kabla ya Wahispania, povu lilipatikana kwa kumimina kutoka chombo cha juu hadi cha chini. Katika hati iitwayo Codex Tudela, ya mwaka 1553, amechorwa mwanamke amesimama akimimina hivyo hivyo. Nilipouona mchoro ule nilimkumbuka mama akitupozea chai, kikombe kwa kikombe, mkono umeinuliwa juu. Huu wa kupekecha ulishika jikoni baada ya Wahispania kufika, na jina lenyewe kwa Kihispania ni kinu kidogo.

Kasoro ipo: usafi. Chokoleti inajificha chini ya pete na ndani ya mifereji, na ukiiacha ikauke inaganda. Nauosha palepale, kwa maji ya moto na brashi ndogo, nikizisukuma pete huku na huku. Siuloweki, wala siuingizi kwenye mashine ya vyombo, maana mti hupasuka. Naukausha umesimama, kichwa juu. Ufa mmoja mdogo umetokea kwenye mpini baada ya miezi minane, haujaongezeka. Kwa jumla naupa nyota tano, na ule wa vanishi hata moja haustahili.

Mwezi uliopita nilimpa mtu aliyekuwa akienda nyumbani molinillo mmoja ampelekee mama. Mama akakaanga kakao ya shambani kwake, akaimenya, akaisaga kwenye jiwe, akatia sukari na maziwa. Alinipigia akiwa jikoni. "Nizungushe mpaka lini, mwanangu?" Nikamwambia, "Endelea, mama, mpaka sauti ibadilike." Akaiweka simu kando, nami nikabaki nasikiliza pete zikigongana.